Walezi hawakai kituoni: niliyoyaona miaka sita Tanga

Dada, umeuliza mbona walezi kwenye makao ya watoto unayosimamia wanaacha kazi kabla ya miezi mitatu, wakati mshahara unatoka tarehe ileile. Nimekuwa mlezi huku Tanga, Mikanjuni, miaka sita, na miwili ya mwisho ndiye niliyepanga zamu.

Mshahara unachangia, sikatai. Wenzangu wawili walikwenda Omani kazi za ndani, mwingine akafungua kibanda cha mihogo Raskazone na akatuzidi kipato. Ila wengi waliokimbia walikimbia usiku. Watoto 23, mlezi mmoja. Saa 9 unaloweka mashuka ya waliokojoa, mdogo anaharisha, kijana wa miaka 14 kagoma kulala, na saa 11 alfajiri sufuria la uji linakungoja. Anayetakiwa kukupokea hatokei, basi unaunganisha mpaka mchana. Halafu bosi anakwambia usiku si kazi, maana "ulilala".

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mengine: saa 45 kwa wiki, siku ya mapumziko, na kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Nilipokabidhiwa zamu nilianzia hapo, usiku wakawa wawili. Hela tuliipata kwa kumpunguza mlinzi wa mchana, geti tukawa tunafunga komeo. (Najua kuna watakaonisema.) Mwaka ule aliondoka mlezi mmoja tu, naye aliolewa Muheza.

Wageni wa kujitolea usiwaweke kwenye zamu, hata kama umebanwa. Wanakaa wiki sita, watoto wanawazoea, wanapanda basi. Alipoondoka mmoja wao, mtoto wetu wa miaka minne akaanza kuficha kandambili za kila mlezi saa ya kutoka ikikaribia. Tunazisaka weee, tunazikuta nyuma ya gunia la mchele. Tulimgombeza mwanzoni, tukakosea. Mama mmoja mtu mzima akaamua kuacha jozi moja pale mlangoni siku zote, yeye akirudi kwake na viatu vingine. Kitoto kikiamka kinakwenda mlangoni, kinaziona, kinarudi kunywa uji.

Tangu hapo kila jioni, kabla ya kulala, tukawa tunawatajia watoto wote nani atawaamsha kesho. Na aliyetajwa akishindwa kuja, anapiga simu aongee nao mwenyewe.