Presha ya mchana haisemi yote

Dada, umeuliza vipi mshipa wa jicho la mama uzibe ilhali presha yake kliniki hapo Lamu huwa 128 kwa 80. Hiyo ni ya mchana tu. Usingizini presha hutakiwa kushuka asilimia 10 hadi 20. Kwa wengine haishuki, na hali hiyo imehusishwa na ugonjwa huu. Kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), ateri (mshipa unaoleta damu) na vena (mshipa unaoirudisha) hupishana ndani ya ala moja, kama punda wawili kwenye kichochoro cha mtaa wa Langoni: ateri ikikakamaa, vena hubanwa na huweza kuziba. Muombeni daktari kipimo cha presha cha saa 24, mchana na usiku. Na kama mama hukoroma (asione haya), semeni, maana kukoroma huweza kuendana na presha isiyoshuka usiku. Dawa za presha asijihamishie usiku mwenyewe bila daktari. Ukungu wa macho ukizidi ghafla, msingoje boti ya kesho.