Niko nabeba maji kila siku, bado nifanye spoti?

SWALI: Bonjour Mama Mkunga, niko Ndosho hapa Goma, mimba ya pili, miezi saba. Kwenye CPN (kliniki ya wajawazito) walituambia tufanye spoti, mimi nikacheka, spoti gani tena wakati asubuhi niko nabeba bidoni ya maji, mchana natembeza ndizi kwa beseni, jioni nguo. Mama mukwe naye anasema nitulie nisisumbue mtoto, na nikizaa nilale ndani tumbo limefungwa kitenge. Nisikie nani?

JIBU: Mdogo wangu, uko na haki ya kucheka, lakini bidoni si spoti. Ile ya njano ikijaa ni lita 20, ni kusema kilo 20, unaiinua mgongo umepinda na pumzi umeifunga, kisha unapanda nayo juu ya mawe ya volkano na kamambili (ndala), pengine hata hujakula. Hapo mwili unachoka tu. Chukua vidumu viwili vya lita 5, mkono huu na huu, ile kubwa abebe baba watoto (ndiyo, yeye!) ao mtu wa chukudu (ile baiskeli ya mbao ya kusukuma) kama feza iko.

Spoti ni kutembea bila mzigo. OMS (Shirika la Afya Duniani) tangu 2020 inasema dakika 150 kwa wiki kama mimba haina shida, nusu saa siku tano, hata ukigawa kumi kumi. Ukirudi sokoni beseni tupu, hiyo njia ihesabu, ila ukikosa pumzi ya kuongea na mwenzako punguza mwendo.

Halafu kwenye foleni ya maji, wakati wengine wanagombana nani alitangulia, wewe kaza misuli ya chini kama mtu anayezuia mkojo, hesabu mpaka tano, achia, rudia mara kumi hivi, hakuna atakayejua. Inasaidia mkojo usitoroke ukikohoa, sasa na kisha kuzaa.

Mama mukwe anasema kweli nusu. Kupumzika sawa, lakini kulala siku nzima damu inaweza kuganda miguuni, kwa hiyo ukizaa salama anza kutembea uani polepole. Kitenge funga kama kinakupa raha, siyo mpaka ushindwe kupumua.

Ukiona damu, maji yanatoka, kizunguzungu, kifua kinauma, tumbo linakazana kila mara ao mguu mmoja umevimba na unauma, acha yote uende kituo cha afya. Na kama umezaa kwa operesheni, bidoni usiguse mpaka wakuangalie kidonda, mara nyingi ni karibu wiki sita.