Mbunge kanambia si kazi yake, sasa nani anahoji mambo ya leseni?

SUALI: Asalaam alaykum Bibi wa safu. Mie nina nyumba ya wageni vyumba sita huku Paje na kibaa kidogo mbele. Leseni ya utalii ofisi hii, ya biashara ofisi ile, vileo kwengine kabisa, na ule mwaka 2024 vinywaji vilipokatika wageni wakawa wananitazama mimi kana kwamba nimevificha chini ya kitanda. Nikamfuata mbunge wetu, akanambia hayo si yake. Hivi hawa wanaotoa vibali wana mtu wa kuwauliza au kila ofisi ni serikali peke yake?
Mwenye vyumba sita, Paje

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Mbunge kasema kweli, ila angekwambia uende wapi asingepungukiwa na kitu. Utalii si jambo la Muungano, na hizo leseni zako pia ni mambo ya hapa hapa, kwahiyo Dodoma hawana la kukusaidia. Unaemtaka ni mwakilishi wako, yule anaekaa kwenye Baraza la Wawakilishi kule Chukwani. Watu wengi wanawachanganya hawa wawili mana siku ya kura wote wanakuja na kanga.

Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 88, inalipa Baraza la Wawakilishi kazi ya kumuuliza waziri yeyote masuali ya mambo ya umma yaliyo kwenye wizara yake, na kujadili kila wizara imefanya nini pale bajeti inapopita. Halafu kuna kamati za kudumu, ambazo mimi naona ndio jikoni kwenyewe, mana ukumbini waziri anaweza kukwambia "serikali inalifanyia kazi" akakaa akanywa maji yake, lakini kwenye kamati anakuja na watendaji wake na makaratasi yake na anaulizwa mpaka shati linaloa. Iko inayoshika utalii na biashara, na iko ile ya hesabu za serikali, PAC, inayopitia ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu.

Sasa turudi kwenye bia zako (mie sinywi lakini nitakujibu). Ule uhaba wa Januari 2024 haukuletwa na sheria mpya iliyopitishwa Chukwani. Bodi ya vileo haikuwaongezea muda waagizaji watatu wa zamani, wakapewa wapya, na kabla hao wapya hawajajipanga maghala yakakauka, bei sehemu nyengine ikakaribia mara mbili. Mwisho wa mwezi huo huo waziri wa utalii, Simai Mohammed Said, akajiuzulu, akasema mazingira ya kazi si mazuri. Tazama hapo: anaeumia ni utalii, anaetoa kibali yuko kwengine. Ukimuuliza wa utalii atakwambia si mimi, na kweli si yeye. Ndio mana mwakilishi akisimama na suali la jumla jumla kuhusu "changamoto za wawekezaji" hupati kitu, anatakiwa ajue bodi gani, kwa kifungu gani cha sheria, na waziri gani anaibeba hiyo bodi.

Na nisikudanganye, Baraza lina udhaifu wake. Mawaziri wote ni wajumbe humo humo, na baada ya uchaguzi wa 2020 karibu majimbo yote yalikuwa ya chama kimoja, sasa kumbana mwenzio unaekaa nae kikao cha chama jioni inataka moyo. Wapo waliothubutu lakini.

Mfano mwengine unaokuhusu ni ile bima ya wageni, dola 44 kwa kila mgeni wa nje aliye mtu mzima, imeanza tarehe 1 Oktoba 2024 na inakatwa kwa Shirika la Bima la Zanzibar. Najua wanakuuliza wewe mapokezi, "hii ya nini tena?". Mwaka huo waliingia wageni 736,755 kutoka nje, zidisha mwenyewe japo kwa robo yao uone. Mie ningekuwa mwakilishi ningeuliza mawili tu: wangapi wameugua wakalipiwa, na kinachobaki kinaingia mfuko gani.

Wewe fanya hivi, usimpelekee mwakilishi malalamiko ya mdomo barazani kwenye kahawa, atasahau kabla hajafika Jozani. Mpelekee karatasi moja: leseni ngapi unazo, kila moja umelipa lini na kiasi gani, siku ngapi ulizungushwa. Wakusanye na wenzio wa Paje, Jambiani na Bwejuu mpeleke pamoja. Na mwaka wa fedha unaanza Julai, kwahiyo bajeti za wizara zinajadiliwa Mei na Juni, ukimpelekea Agosti ushachelewa. Mpe mwezi wa tatu au wa nne hivi, kamati bado inazungumza na wizara. Zile risiti zilizofifia zipige kopi leo, maandishi ya mashine zile yakikaa kwenye joto yanafutika yote.