Sinia limekwisha, nani anakosha?

Nyumba tunayokaa Mji Mkongwe ina ua katikati na familia kadhaa, kila moja na jiko lake. Lakini Ijumaa baada ya sala, na Ramadhani nzima wakati wa kufuturu, tunatandika majamvi uwani tukala pamoja. Chakula hakijatugombanisha hata siku moja. Vyombo ndivyo vilivyotaka kutuvunjia ada hii, na kwa wanaokaa namna yetu nina machache ya kusema.

Achaneni na kanuni ya "kila mtu akoshe chake". Hiyo ni ya bwenini, penye sahani ya kila mtu. Sisi tunazunguka sinia watu watano, sita. Sinia hilo ni la nani? Sufuria la biriani lililoshika ukoko ni la nani? Matokeo yake vikombe vinameta, sufuria linalala mpaka kesho, halafu analiinamia yule yule mwenye haya kuliko wenzake. Kwetu alikuwa bibi mmoja mtu mzima wa vyumba vya chini. Hakulalamika kamwe, ila Ijumaa moja alikula chumbani kwake peke yake, na nyumba nzima ikaona uzito.

Gaweni kazi, si vyombo. Kuna kukusanya makombo, kuteka maji, kusugua, kusuuza na kupangusa, kukung'uta majamvi, kupeleka taka. Hiyo ya taka msiidharau: vichochoro vyetu ni vyembamba, gari haliingii, lazima mtu abebe mfuko hadi panapokusanywa, la sivyo paka watautawanya kabla ya Alasiri. Sisi kila familia hushika kazi moja kwa wiki, kisha inahamia nyingine. Aliyepika siku hiyo hagusi sabuni, na hili halina mjadala.

Wanaume wamo. Nalisema wazi kwa sababu mipango mingi huvunjika hapa. Baada ya futari wao hutoka kwenda kusali Isha na tarawehe, na sisi tunabaki na masinia, ilhali tarawehe nasi tunaitaka. Jamani, imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, na ukiingia wakati wa sala hutoka kwenda kusali. Basi kabla ya adhana ya Isha wanaume wateke maji, wasugue masufuria makubwa na wapeleke taka. Vyombo vidogo hubaki kwetu, navyo huwa tayari kwa daku. Vijana wetu walinuna mwanzoni. Sasa wana mashindano ya nani anang'arisha zaidi.

Kosheni chini, uwani, msikoshe ghorofani. Nyumba hizi ni za mawe na chokaa, na sakafu zake zimebebwa na boriti. Maji yakivuja pale pale kila siku, boriti huoza bila ya mtu kuona. Samli na mafuta ya biriani yafuteni kwa karatasi kwanza, maana yakipoa huganda mferejini. Sufuria lenye ukoko litiwe maji moto mara tu wali unapopakuliwa, na masizi yasuguliwe kwa makumbi ya nazi na majivu. Maji ya bomba nayo hayatoki saa zote, kwa hivyo mwenye zamu ya maji ajaze mapipa tangu usiku.

Mgeni akija mara ya kwanza akae, anywe kahawa yake. Akizoea kuja kila wiki, mpeni jamvi akung'ute, atajiona mtu wa nyumbani. Ama mzazi mwenye mtoto mchanga, au mwenye mgonjwa wa kumuuguza, zamu yake ichukuliwe na wenzake, wala asiandikiwe deni la kuja kuilipa.