Noti za nyumba: nilivyojifunza kununua madeni katika mji mdogo wa Ohio

Mama yangu yuko Muheza. Siku nilipomwambia kwenye simu kwamba nimeanza kununua noti, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Noti za wapi tena, mwanangu? Huko si utafungwa?" Alidhani nimeingia kwenye pesa bandia. Ilinichukua nusu saa kumtoa huko.

Nilimweleza hivi. Kuna bibi mmoja huku ninakoishi, aliuza nyumba yake ya zamani kwa dola 40,000. Mnunuzi ni kijana wa kiwandani. Benki haikutaka kumkopesha, basi bibi akamwambia: nipe 5,000 leo, hizo 35,000 utanilipa mwezi kwa mwezi kwa miaka 15, riba asilimia 9. Kijana akasaini karatasi mbili. Ya kwanza ni ahadi ya kulipa, na ndiyo hiyo Wamarekani wanaiita noti. Ya pili ni rehani, inayosema asipolipa nyumba itanadiwa. Miaka 5 ikapita, kijana analipa vizuri, lakini bibi sasa anataka hela ya mkupuo kwa sababu paa la anakoishi linavuja. Mimi nikampa hela taslimu pungufu ya anachodai, naye akanikabidhi zile karatasi. Tangu hapo marejesho ya kijana yanakuja kwangu.

"Kwa hiyo umenunua deni," mama akasema.

Ndiyo, mama.

"Na asipolipa?"

Watu waliowahi kulizwa na vikoba huwa hawapotezi muda. Mimi nilikuwa nimelipa dola 1,200 kwa semina ya siku mbili hotelini ya kufundisha kununua noti, na swali hilo lilipata dakika kumi, mwishoni, watu wakiwa wameshaanza kukusanya makoti. Nilitoka na faili zuri, kalamu, na orodha ya kozi nyingine za kununua.

Niseme ninakoishi ili unielewe. Ni mji mdogo magharibi mwa Ohio, mahindi na soya pande zote, na mimi nafanya shifti ya usiku kwenye ghala. Nilidhani udogo wa mji ndio tatizo langu. Kwenye semina wote walikuwa wanazungumzia miji mikubwa na mafungu ya mamia ya mikopo, hasa yale madeni mabovu yaliyouzwa kwa jumla baada ya msukosuko wa mikopo ya nyumba wa 2008. Lakini angalia hapa. Kuandaa mkopo wa nyumba wa dola 40,000 kunaila benki kazi ileile ya mkopo wa 400,000, na faida yake ni ya kuokota. Kwa hiyo benki nyingi haziuchangamkii. Nyumba za bei hiyo zimejaa miji kama wetu, na wenyewe, wengi wazee, huishia kumkopesha mnunuzi wao wenyewe. Hizo karatasi zipo kwenye makabati ya watu mtaani kwako. Mnunuzi mkubwa hatasimamisha gari kwa ajili ya deni moja la dola 28,000. Wewe utasimama, tena utafika kwa miguu.

Shule yangu ya kweli ilikuwa ofisi ya msajili wa hati wa kaunti. Kila kaunti ya Ohio inayo, na hati zilizosajiliwa ziko wazi kwa yeyote. Nilikuwa natoka kazini saa moja asubuhi, nakunywa kahawa garini nikisubiri wafungue. Siku ya kwanza karani, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, aliniuliza natafuta nyumba gani. Nikamjibu sitafuti nyumba, natafuta kuelewa. Akacheka, akanionyesha jinsi ya kupekua kwa jina la aliyetoa na jina la aliyepokea. Nikachagua nyumba 10 za mtaa wangu, nikafuatilia kila moja kurudi nyuma miaka 20. Nilikuta rehani zilizolipwa na kufutwa, rehani zilizohamishwa mara nne, nyumba yenye rehani mbili juu yake, na moja ambayo rehani yake ililipwa zamani lakini hakuna aliyekumbuka kusajili kwamba imekwisha. Hakuna video itakayokufundisha hivyo.

Kisha ukamalizie mahakamani. Ohio huwezi kunadi nyumba ya mtu bila kupitia kwa hakimu. Texas na Georgia, kwa mfano, kuna njia ya kunadi bila kesi, na ni ya haraka zaidi. Kwa kuwa huku ni kesi, kila mnada umeacha jalada. Nilisoma majalada kama 20. Nilikuwa nahesabu miezi kuanzia siku ya kufungua kesi hadi siku ya mnada, na nilikuwa naangalia wadai walianguka wapi. Mara nyingi ni kwenye karatasi. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Ohio iliamua kwamba anayeshtaki lazima awe tayari na haki juu ya deni siku anapofungua kesi, siyo aitafute kesi ikiendelea. Ukishasoma hilo, utakuwa unaitafuta noti halisi kabla hujaangalia bei.

Ya bibi ilikuwa kwenye kopo la biskuti, chini ya nyuzi na vifungo. Noti yenyewe, sahihi ya wino, siyo kivuli chake. Mwanasheria aliandika nyuma ya noti maneno ya kwamba sasa nilipwe mimi, bibi akasaini. Kisha mwanasheria akatengeneza hati tofauti ya kuhamisha rehani, tukaipeleka kwa yule karani ikasajiliwa. Vitu viwili: noti inahamishwa kwa sahihi, rehani inahamishwa kwa hati iliyosajiliwa. Deni likiwa limepita mikono mitatu, uone sahihi za mikono yote mitatu bila pengo.

Sasa hesabu, maana najua mnaisubiri. Marejesho ni dola 355 kwa mwezi, imebaki miezi 120, deni lililobaki kama 28,000. Nililipa 22,000. Ukiingiza namba hizo kwenye kikokotoo cha fedha inatoka karibu asilimia 15 kwa mwaka. Semina inaishia hapo, watu wanapiga makofi. Lakini mimi sikusanyi marejesho mwenyewe. Nalipa kampuni yenye leseni dola 30 kila mwezi ipokee hela, itunze rekodi, itoe karatasi za kodi za mwisho wa mwaka. Toa hizo 30, faida inashuka chini ya asilimia 13. Kwenye deni dogo gharama ndogo inang'ata. Bado sijahesabu wakili na upekuzi wa hati, na hizo ni hela ambazo hazijali kama deni ni dogo au kubwa.

Kuna la kufurahisha upande wa pili: kwa kuwa nilinunua kwa punguzo, kijana akiuza nyumba mwaka ujao na kulipa deni lote, napata deni lote lililobaki, bila punguzo, tena mapema, na faida inaruka.

Wasomaji Waislamu mtauliza, na sitazungusha maneno. Hii ni riba, imeandikwa kwenye karatasi kwa jina lake. Rafiki yangu wa Columbus, mtu wa Pemba, nilimweleza yote akasikiliza vizuri, akasema "si yangu hiyo," akaenda kununua nyumba ya kupangisha. Tunaendelea kula naye.

Nije kwenye aibu yangu. Baada ya ile ya bibi kwenda vizuri miezi sita, nikajiona fundi. Nikakuta kwenye orodha ya muuzaji mmoja deni la nyumba katika jimbo ambalo sijawahi kukanyaga. Mdaiwa hajalipa zaidi ya mwaka, deni dola 31,000, linauzwa 6,500. Nikapiga hesabu: hata nyumba ikinadiwa nusu bei nimepona. Karatasi zilikuwa safi. Nilikagua sahihi zote, najivunia hilo mpaka leo. Nikatuma hela.

Wiki tatu baadaye nikamlipa mtu wa huko dola 60 apige picha. Akanitumia picha tano. Nyasi zilizokatwa vizuri, mti, na ngazi tatu za zege zinazopanda kutoka barabarani kuelekea hewani. Nyumba ilikuwa imebomolewa na halmashauri ya mji kwa sababu ilikaa tupu na kuharibika, na gharama za kubomoa zikawekwa juu ya kiwanja. Juu yake tena kodi ya majengo ya miaka kadhaa, na hiyo hulipwa kabla ya rehani yako hata kama rehani ni ya kwanza, yaani ile inayolipwa kabla ya rehani nyingine. Kiwanja chenyewe hakikufikia madeni yake. Muuzaji hakuvunja mkataba wowote, ulisema wazi nanunua kilivyo. Dola 60 zingetangulia, 6,500 zingebaki nyumbani.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza: deni lako la kwanza, na la pili, liwe la nyumba unayoweza kwenda kuiona kwa gari na kurudi kabla ya shifti. Liwe rehani ya kwanza. Liwe la mtu anayelipa, na uone ushahidi wa miezi 12 ya malipo, risiti au taarifa za benki, siyo maelezo. Ukague kodi kwa mweka hazina wa kaunti siku hiyohiyo unayolipa. Na bima ya moto iandikwe jina lako kama mwenye rehani, maana nyumba ikiungua bila hivyo hundi inaenda kwa mwingine. Madeni mabovu yaache. Yana watu wake, na wana mawakili wa kudumu.

Angalia pia ile mikataba ambayo muuzaji anabaki na hati mpaka mnunuzi amalize. Huku ni mingi, na ndugu zetu wengi Wakongo na Warundi wananunua nyumba kwa njia hiyo. Watu wanaamini mnunuzi akikosa tu anafukuzwa kama mpangaji. Ohio, akiwa amelipa miaka 5 au asilimia 20 ya bei, lazima uende mahakamani kama kwenye rehani. Hilo alijue anayenunua deni, na alijue zaidi anayelipa.

Sheria za nchi nzima zipo pia. Kwa nyumba anayoishi mdaiwa, kesi ya kunadi kwa kawaida haifunguliwi mpaka awe nyuma zaidi ya siku 120. Ukinunua mikopo ya nyumba zaidi ya mmoja ndani ya miezi 12, unapaswa kumwandikia mdaiwa ndani ya siku 30 kwamba wewe ndiye mwenye deni sasa. Na kununua deni lililopo ni jambo moja, kuanza wewe mwenyewe kukopesha watu wanunue nyumba ni jingine kabisa, lenye masharti ya leseni tangu sheria ya SAFE ya 2008, na mengine tangu Dodd-Frank, sheria ya fedha ya 2010. Usivuke huko bila wakili.

Usimpigie mdaiwa simu. Najua unatoka mahali ambapo mdai anagonga mlango na kubeba televisheni, wengine ndio tulikua tunawaona kausha damu wakifanya hivyo uani kwetu. Huku neno moja ulilosema kwa hasira linakuja kusomwa mbele ya hakimu. Acha kampuni iseme.

Jaribu hilo lilinipata mwaka jana. Kiwanda kilipunguza masaa, kijana akakosa Februari na Machi. Kampuni ikaniandikia ikiuliza nataka nini. Mkono uliniwasha, lakini nilikumbuka majalada: kesi ingenila miezi na maelfu, na mwisho ningebaki na nyumba isiyo na mtu, na picha ya ngazi tatu ninayo. Nikakubali miezi miwili ipelekwe mwisho wa deni. Aprili akalipa.

Anakaa mitaa minne kutoka kwangu. Barua zinakwenda kwa jina la kampuni yangu ndogo, hivyo sura yangu haijui. Mwezi wa tano nilipita akipaka rangi varanda, nyeupe, na mtoto wake ameshika brashi ya pili akichafua zaidi ya anavyopaka. Akanipungia mkono kama wanavyopungia kila mtu huku.

Mama sasa hivi salamu zikiisha anauliza, "Yule kijana kalipa?" Mwezi huu kachelewa siku nne, nikamwambia hivyo. Akasema nisimsumbue, huenda ana mgonjwa.