Mafundi wawili, matairi mawili, X-Trail moja

SWALI: Mimi ni mwalimu, naishi Mbale, Vihiga, na nafundisha Kisumu. Naendesha Nissan X-Trail ya 2015, ile yenye swichi ya 2WD, Auto na Lock. Siku za kazi niko kwenye lami. Jumamosi naenda shambani upande wa Kaimosi, kilomita kama sita za marram, na mvua ikinyesha ni matope matupu. Matairi yamekwisha. Fundi mmoja ananiambia ninunue ya misimu yote, mwingine ameshikilia A/T, yale ya meno makubwa ya lami na matope. Pesa niliyo nayo sasa inatosha mawili tu. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, nianze na hiyo pesa ya matairi mawili, maana hapo ndipo unapoweza kuharibu kitu cha bei kuliko matairi yenyewe.

Tairi jipya la gari kama lako huja na meno ya kina cha milimita 8 hivi. Yako, kwa jinsi unavyoyaeleza, sidhani yanapita 3. Milimita 5 kwenye nusu kipenyo ni takriban milimita 31 kwenye mzunguko mzima. Utanisahihisha kama somo lako ni hesabu. Basi gari likitembea, matairi yaliyokwisha yanalazimika kuzunguka mara nyingi kuliko mapya ili kwenda umbali uleule. Kompyuta ya gari haijui kwamba mshahara haujaingia. Inaona magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaendi pamoja, inadhani unateleza, na ukiwa kwenye Auto inaikaza ile klachi inayopeleka nguvu nyuma. Klachi inasuguana na kupata joto kwenye lami kavu, kilomita baada ya kilomita. Subaru huko Marekani huwaambia wenye magari yao kwamba mzunguko wa matairi manne usitofautiane kwa zaidi ya robo inchi. Nissan yako haina mfumo uleule, lakini mantiki ni hiyohiyo.

Kwa hiyo ngoja, kopa kwenye chama, fanya ufanyavyo, ila nunua manne ya aina moja kwa siku moja. Ukibanwa kabisa kwa wiki chache, mawili mapya yaende nyuma, na swichi uiache kwenye 2WD, nguvu iende mbele tu. Wengi huniuliza kwa nini nyuma ilhali injini inavuta mbele. Ya mbele yakiteleza kwenye maji, gari hunyooka tu na unaweza kupunguza mwendo. Ya nyuma yakiteleza kwenye kona, kwa mfano ukiteremka kuelekea Kisumu kunanyesha, mkia unakupita, na huko si wengi wanaojua kurudi.

Sasa aina. Jina la "misimu yote" lilitoka nchi zenye baridi kali, kwa mtu anayetaka tairi moja la kiangazi na la theluji nyepesi. Sisi tuna mstari wa ikweta hapo Maseno. Theluji tunaiona kwenye televisheni. Ukiona M+S ubavuni, maana yake ni matope na theluji, lakini alama hiyo peke yake mtengenezaji huiweka kwa kuangalia mchoro wa meno, bila jaribio lolote la mshiko. Haidhuru tairi, ila isikuongezee bei. Tairi lisilotufaa kabisa ni lile la barafu linalofika na magari kutoka Japani: Blizzak za Bridgestone, Ice Guard za Yokohama na ndugu zake. Ni matairi mazuri kwao. Mpira wake ni laini ili ushike kwenye baridi, na kwa jua la Kisumu unalika kama kifutio. Kuna mteja aliyeniletea seti yenye meno marefu akijisifu kwamba kaipata kwa bei ya kutupa. Nilisoma jina, nikamwambia airudishe.

Yule wa A/T namwelewa, ameona matope ya Kaimosi. Lakini wewe uko kwenye lami siku tano, na A/T ina kelele, ni nzito, hula mafuta kidogo zaidi, na nyingi hushika lami yenye maji vibaya kuliko tairi la barabara. Kilomita sita za Jumamosi hazitoshi kunishawishi. Ungekuwa unaishi ndani ya udongo mweusi wa nyanda za Kano, hapo karibu na Kisumu, ningesema vingine, ingawa pale hata A/T hujaa matope na kugeuka kipara. Kwako nachagua H/T, tairi la barabara la SUV, lenye mifereji minne mipana ya kutoa maji. Ukiona ubavuni neno TRACTION, tafuta A au AA: hiyo ni alama ya kusimama kwenye maji. Penye TEMPERATURE, A pia, kwa sababu ya joto letu.

Saizi ya X-Trail hiyo kwa kawaida ni 225/65R17 102H, ila hakikisha kwenye stika iliyo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, maana kuna zilizokuja na rimu za 18. Hiyo 102 inamaanisha kila tairi linabeba kilo 850. Usikubali namba ya chini yake kwa sababu "imebaki moja dukani".

Halafu umri. Tafuta neno DOT, uangalie tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mimi huwa sinunui tairi "jipya" lililopita miaka mitatu rafuni, na la mtumba siligusi, hata ling'ae namna gani. Kung'aa ni dawa ya chupa.

Upepo jaza kwa namba ya stika ileile, asubuhi kabla hujatembea. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni ni kikomo cha juu. Wapo vijana wa pampu wanaoijaza hiyo, na gari linadunda kama mpira.

Jambo moja kabla hujayatupa ya zamani: pitisha kiganja juu ya meno, kutoka ndani kwenda nje. Kama yamelika upande wa ndani peke yake, kuna bushi au alaimenti imekufa, na mapya yataliwa vivyo hivyo. Hilo litengenezwe kwanza, hata kama itabidi matairi yasubiri mwisho wa mwezi.