Wasomaji Wanauliza: Dada ashike solo, si mikro tu

Barua tatu zimetufikia kutoka Lubumbashi, zote kuhusu wasichana katika roki na hevi metali.

Barua ya kwanza: Nina miaka 19, nakaa Katuba. Katika orkesta yetu ya metali nataka solo, lakini wenzangu wananipa mikro tu. Wanasema vidole vyangu ni vifupi kwa gitaa. Ni kweli?

Si kweli, dada yetu. Kabla ya kupima vidole vyako, wapime gitaa. La umbo la Stratocaster lina nyuzi za milimita 648 toka daraja (kipande kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa) hadi ncha ya shingo, karibu na kichwa. La aina ya Les Paul lina 628 hivi. Hizo sentimita 2 zinasogeza freti (vile vyuma vya kukatiza shingo) karibu karibu na kulainisha uzi. Kwenye besi pengo ni kubwa zaidi: ya kawaida ni milimita 864, fupi ni 762.

Halafu angalia kimo cha nyuzi, maana gitaa nyingi zilizotumika nyuzi zake zimepanda. Weka rula kwenye freti ya 12. Milimita 1.5 hadi 2 zinatosha; zikifika 3, hata mwanaume mwenye vidole virefu ataumia. Shusha daraja nusu mzunguko kwa kila mara, kisha piga noti zote shingo nzima. Uzi ukianza kukwaruza, rudisha robo. Lakini jihadhari na kiangazi. Toka Mei hadi Septemba hewa ya Lubumbashi inakauka, shingo ya mbao inaweza kujipinda kwa nyuma, na uzi unakwaruza kwenye freti za kwanza. Hapo daraja halina kosa. Legeza chuma kilicho ndani ya shingo, robo mzunguko tu, ungoje hadi kesho yake ndipo upime tena.

Nyuzi za unene wa 9–42 ni laini kwa tyuni ya kawaida, lakini metali hushushwa hadi noti ya D au chini zaidi. Hapo zinalegea, noti zinayumba, na watu wanasema msichana hana nguvu mkononi. Funga 10–52. Kwenye ampli, usipandishe gain (kitufe cha kuongeza ukali wa mkwaruzo) hadi 9 na kukata sauti za kati. Ukiwa peke yako chumbani utaona tamu, ila ngoma na besi zikiingia, solo yako inamezwa. Anza na gain 5, sauti za kati 6. Tunasisitiza hili kwa sababu mpiga solo asiyesikika huhukumiwa kwamba hajui, na akiwa msichana, hukumu inakuja haraka zaidi.

Wenzako wakitaka mifano, wawasikilize Kelly Johnson aliyepiga solo katika Girlschool, bendi ya wanawake watupu iliyoanza London mwaka 1978, na Jo Bench aliyeshika besi ya bendi ya metali Bolt Thrower toka 1987. Hapa Afrika, Les Amazones de Guinée walianza mwaka 1961, askari wanawake wa jandarma wakipiga wenyewe gitaa, besi, saksofoni na ngoma.

Barua ya pili: Naongoza bendi Kamalondo. Dada yetu anaunguruma vizuri sana, lakini baada ya nyimbo mbili sauti inakauka, na mabafle yanapiga mluzi. Tumrudishe kwenye kuimba laini?

Hapana, kaka. Kwanza koo. Kuunguruma kwa usalama kunatetemesha mikunjo iliyo juu ya nyuzi za sauti, si kuzikwaruza nyuzi zenyewe, na pumzi inasukumwa toka tumboni. Sauti hiyo kwa kweli si kubwa. Mikro ndiyo inayoikuza. Dada yenu akilazimika kupiga kelele ili ashinde ngoma, atakauka. Mwekeeni bafle ya kujisikia mbele yake, nyuma ya mikro. Mazoezi yawe dakika 10 hadi 15, apumzike, anywe maji. Akihisi maumivu au mkwaruzo, aache siku hiyo.

Pili, mluzi. Angalieni anavyoshika mikro. Akifunika kichwa cha mikro kwa kiganja, anaziba matundu ya nyuma, na mikro iliyotengenezwa kupokea sauti ya mbele inaanza kupokea ya pande zote, pamoja na ya mabafle. Larseni, yaani mluzi huo, inatokea hapo. Ashike mpini. Angela Gossow aliunguruma mbele ya bendi ya metali Arch Enemy toka 2000 hadi 2014, kwa hiyo hakuna sababu ya kumpunguzia kazi.

Barua ya tatu: Binti yangu anapiga gitaa kanisani, sasa ameitwa na bendi ya roki. Kwaya inasema huo ni muziki wa wanaume. Bendi nayo inataka picha yake peke yake kwenye afishi.

Mama, mwanamke mmoja wa kanisa alikuwa mbele ya wanaume wengi wa roki: Sister Rosetta Tharpe wa Marekani alianza kurekodi nyimbo za dini kwa gitaa mwaka 1938. Siku hizi kuna Voice of Baceprot wa Indonesia, wasichana watatu wanaopiga metali wakiwa wamevaa hijabu.

Jambo la afishi ndilo linalotusumbua. Picha yake peke yake inauza uso, inaficha kazi. Dai picha ya wote, na jina la kila mmoja liandikwe pamoja na chombo chake. Kabla ya onyesho la kwanza, waandike kwenye karatasi na kutia sahihi: pesa zinagawanywaje, chumba cha kubadilishia nguo kiko wapi, na nani anamrudisha nyumbani usiku, kwa gari gani. Bendi ikikataa kuandika hayo, binti asipande jukwaani nayo.